Tuiiteje Picha ya Ibada?

Katika Kiswahili cha leo neno sanamu haliingii mahali bila kushutumu. Ukiandika kwamba watu fulani wameweka sanamu katika nyumba yao ya ibada, msomaji wa Migori au wa Tabora ameshaamua: hao wanaabudu kisichopasa kuabudiwa. Neno lilikuja na hukumu hiyo begani. Kiarabu kina sanam, kitu kinachoabudiwa badala ya Mungu, na watafsiri wa Biblia walipotafuta neno la kukataza vitu vya kuchonga walilikuta tayari limenolewa. Misikiti na makanisa, yanayotofautiana kwa mengi, yalikubaliana juu ya sanamu.

Zamani neno hili lilikuwa na uwanja mpana zaidi. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 inaweka ndani ya sanamu si kitu cha kuchonga peke yake bali picha pia, yaani chochote kinacholiletea jicho umbo la kitu kingine. Halafu likaja neno picha, tulilolipokea kwa Waingereza, likachukua upande wote wa kutazama: ya ukutani, ya gazetini, ya kitambulisho. Sanamu ikaachiwa upande wa mawe na miti, na upande wa kuabudu. Katikati pakabaki pengo. Picha bapa, iliyopakwa rangi kwenye ukuta au mwamba, ambayo watu huiendea kwa maombi, haina jina lake. Ukiiita picha umeipunguza, na ukiiita sanamu umeishitaki.

Pengo hilo linamkabili kila anayejaribu kueleza kwa Kiswahili uchoraji wa Kibudha wa China, na hivyo ndivyo nilivyolifikia. Lakini halikuanzia China. Liko kwetu, katika kaunti za Homa Bay na Migori, mahali pawili ambapo watu wameomba mbele ya rangi: kwenye miamba ya kisiwa cha Mfangano, na kwenye altare za waumini wa Legio Maria. Nitaanza mbali kwa sababu Wachina waliwahi kulitatua tatizo hili kwa maneno, na maneno yao yanatusaidia kuyaona yetu.

Dini ya Budha ilipoingia China kutoka India, kupitia njia za misafara ya Asia ya Kati katika karne za mwanzo baada ya Kristo, ilikuja ikiwa imebeba picha na vinyago kwa wingi. Jambo hilo lilionekana wazi kiasi kwamba mojawapo ya majina iliyopewa ni xiangjiao. Jiao ni mafundisho, na xiang ni sura, umbo, mfano wa kitu. Sasa litafsiri jina hilo. Anayetafsiri kwa haraka ataandika "dini ya sanamu", na papo hapo jina lililokuwa maelezo tu limegeuka tusi. Ukiandika "mafundisho ya taswira", umesema kile ambacho Wachina walisema. Chaguo la neno moja limeamua kama msomaji atafungua moyo au ataufunga.

Nalipendelea taswira kwa sababu nyingine kubwa zaidi. Neno hili ni ndugu wa sura. Yote mawili yametoka katika shina moja la Kiarabu lenye maana ya kuumba umbo. Mwanafunzi yeyote wa kidato cha nne aliyesoma ushairi analijua: taswira ni kile ambacho maneno ya mshairi hukichora akilini. Kwa hiyo taswira ina makao mawili, ukutani na kichwani. Hapo ndipo linapokutana na Ubudha wa China kwa namna ambayo neno picha haliwezi. Kuna sutra moja iliyopendwa sana China inayofundisha tafakuri kumi na sita za kuiona Ardhi Safi, paradiso ya magharibi ya Budha Amitabha. Anayetafakari anaanza kwa kulitazama jua linapozama, mpaka aweze kuliona vilevile akiwa amefumba macho. Kisha anatazama maji, kisha ardhi inayong'aa, kisha miti, maziwa, na baadaye Budha mwenyewe. Hatua hizo zimechorwa pembeni mwa picha kubwa za paradiso kwenye kuta za mapango ya Mogao, karibu na mji wa Dunhuang. Ukuta ulimfundisha mtu kuchora ndani yake. Picha ya nje ilikuwa mwalimu, na taswira ya ndani ndiyo ilikuwa ibada.

Mapango yenyewe yanastahili maneno zaidi. Mapokeo yanasema mtawa mmoja alianza kuchimba pango la kwanza mwaka 366. Kazi iliendelea kwa takriban miaka elfu moja, na leo yamebaki mapango 492 yenye mapambo, yenye michoro ya ukutani inayofikia mita za mraba 45,000. Dunhuang ilikuwa kituo cha misafara ukingoni mwa jangwa. Aliyekuwa akielekea magharibi aliomba salama, na aliyerudi akiwa hai alishukuru. Hapa wanaoandika kwa lugha za Ulaya huhangaika kumtaja yule aliyetoa mali ili pango lichimbwe na kupakwa rangi. Wanamwita mfadhili, kana kwamba alilipia mashindano ya mpira. Sisi tuna maneno bora kuliko hayo, na tumeyarithi kwa wazee wa pwani. Tuna nadhiri, ahadi ambayo mtu anamwekea Mola wake kwa kutaraji jambo. Tuna wakfu, mali inayotolewa kwa ajili ya dini na isiyouzwa tena. Zaidi ya yote tuna thawabu. Mtu wa Dunhuang aliyelipia picha ya Budha alikuwa akitafuta gongde, fungu la wema ambalo aliweza kulielekeza kwa mama yake aliyefariki, kwa mtawala, kwa viumbe vyote. Yeyote aliyewahi kusoma hitima na kuomba thawabu zake zimfikie marehemu ameshaelewa robo tatu ya historia ya uchoraji huu. Chini ya picha nyingi za Dunhuang wamechorwa watoaji wenyewe, wanaume upande mmoja na wanawake upande mwingine, wamesimama kwa mstari na majina yao yameandikwa kando. Tuwaite wenye nadhiri.

Istilahi nyingine ya Kichina iliyonifurahisha ni bianxiang. Hilo ndilo jina la picha kubwa zinazoonyesha yaliyomo katika sutra: paradiso nzima yenye maziwa, majukwaa, wanamuziki na wachezaji. Pango namba 220 lina picha ya namna hiyo yenye tarehe ya mwaka 642, na ilihifadhika vizuri kwa sababu vizazi vya baadaye viliifunika kwa tabaka jingine la plasta na picha mpya. Ilifunuliwa tena katika miaka ya 1940. Vitabu vya Ulaya vimegombana juu ya namna ya kulitafsiri bianxiang. Bian ni kugeuka. Xiang ya hapa, ingawa huandikwa kwa alama nyingine kuliko ile ya xiangjiao, nayo ni sura. Maneno yaliyoandikwa yamegeuka sura, yakawa kitu cha kuonekana. Mkatoliki wa Asumbi, hapo Homa Bay, hahitaji kuelezwa zaidi, kwa maana kila mwezi wa Agosti anaadhimisha siku ambayo Bwana aligeuka sura mlimani mbele ya wanafunzi watatu. Kugeuka sura: maneno mawili ya Kiswahili yaliyokwisha kuzoea kubeba fumbo, na yanalingana na Kichina neno kwa neno. Sioni sababu ya kuyaacha na kwenda kuomba istilahi kwingine.

Na kuna kaiguang. Kai ni kufungua, guang ni nuru. Mchoraji akimaliza kazi, picha au kinyago bado ni rangi na udongo tu. Inafanyika ibada, mboni za macho zinatiwa, na kuanzia hapo watu wanaweza kuiomba. Kiswahili kina kitenzi kilichokuwa kikingoja kazi hii: kuzindua. Siku hizi tunakisikia kila barabara au zahanati inapofunguliwa na gavana, hata tumesahau kilikotoka. Katika kamusi za zamani kuzindua ni kumwamsha mtu usingizini, kumtoa katika kupumbazwa, kukifungua kilichokuwa kimefungwa kwa dawa. Kuizindua picha ni kuiamsha. Waumini wetu wa Kikatoliki hufanya jambo la jirani wanapompelekea padri picha iliyonunuliwa sokoni ili aibariki kabla haijatundikwa nyumbani. Kabla ya baraka ni bidhaa. Baada yake haitupwi jalalani.

Mifano yangu mingi inatoka Dunhuang, na kuna sababu. Mwaka 845 mfalme Wuzong wa enzi ya Tang aliamuru mahekalu ya Kibudha yavunjwe na watawa warudishwe uraiani. Kazi za Wu Daozi, mchoraji aliyesifiwa kuliko wote wa zama hizo na aliyejaza kuta za mahekalu ya miji mikuu, hazikusalia. Dunhuang iliponea kwa kuwa wakati huo ilikuwa mikononi mwa Watibeti. Ndiyo maana tunajifunza uchoraji wa dola kubwa kutoka kwenye kituo cha mpakani.

Sasa turudi ziwani.

Mfangano hufikiwa kwa mashua kutoka Mbita. Ni kisiwa cha milima, na kwenye miamba yake kuna mahali pawili palipochorwa, Mawanga na Kwitone. Michoro ni ya rangi nyekundu na nyeupe: duara ndani ya duara, duara zinazotoa miale kama jua, mistari inayojiviringisha. Hakuna mtu wala mnyama anayetambulika pale. Wanaakiolojia wanaihusisha na wawindaji na wakusanyaji wa zamani ambao katika ukanda huu wanaitwa Watwa, na michoro ya jamii hiyohiyo ipo Nyero, mashariki mwa Uganda, na upande wa Mwanza nchini Tanzania. Ni mapokeo ya ziwa zima. Baadaye walifika Abasuba, watu wa asili ya Kibantu waliovuka maji kutoka upande wa Uganda. Waliikuta michoro hiyo na hawakuifuta. Waliiheshimu, na koo za Wagimbe na Wasamo zinatajwa kuwa ndizo zilizoshika ibada za kuomba mvua mahali hapo.

Istilahi tunayotumia ni "michoro ya miambani". Nimeitumia mwenyewe sasa hivi, kwa sababu ndiyo iliyopo, lakini inanisumbua katika kila kiungo chake. Kuchora, katika Kiswahili cha zamani, kulikuwa karibu sana na kuchonga na kukata: fundi alichora mlango kwa patasi, na nakshi ikatokea. Kalamu na brashi zilikuja kuazima kitenzi cha patasi. Hata leo hatuna kitenzi kimoja cha kutia rangi kwa sanaa. Tunasema kuchora, ambako ni kwa mstari, au kupaka rangi, ambako ni kwa fundi wa nyumba. Wachina nao hua yao inachukua mstari na rangi kwa pamoja, kwa sababu brashi ileile iliandika na kuchora, hata mtindo mmoja mashuhuri wa picha za wino unaitwa xieyi, kuandika maana. Kwao muungano huo una sababu. Kwetu umetokea tu, na matokeo yake ni kwamba msomaji wa "michoro ya miambani" hajui kama mwamba ulikatwa au ulipakwa. Ule wa Mfangano ulipakwa. Ningependa tuseme "michoro ya rangi miambani", japo ni ndefu, na "michoro ya kukata" kwa ile iliyochimbwa kwenye jiwe.

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba mchoro ni kitu kilichokamilika, kinachongoja kutazamwa. Duara za Kwitone hazikungoja watazamaji. Watu walikwenda pale mvua ilipokatika, wakiwa wamejiandaa na kutimiza miiko, na ibada ilifanyika mbele ya zile rangi. Mchoro ulikuwa sehemu ya tendo. Ukilisoma neno mchoro kama anavyolisoma mwalimu wa sanaa, umeondoa mvua yote. Neno taswira linairudisha kidogo, na nikiliongezea "ya ibada" linairudisha vya kutosha: taswira ya ibada ni ile ambayo bila tendo la kuomba haijatimia.

Mwenye sikio la Kiswahili akilisikia jina Kwitone atasikia tone, tone la mvua, na moyo utamruka. Auzuie. Jina ni la Olusuba, lugha ya Abasuba, na mfanano wa sauti baina ya lugha mbili za Kibantu unaweza kuwa undugu wa kweli au bahati tu. Wa kujibu swali hilo ni wasemaji wenyewe, nami nitarudi kwao.

Neno kitovu, kwa upande mwingine, ni letu kabisa. Walimu wa hisabati wakieleza duara zilizo ndani ya duara wanasema zina kitovu kimoja. Kwa Kichina na Kisanskriti kuna familia nzima ya picha zenye kitovu kimoja, mandala, ambamo Budha hukaa katikati na wengine humzunguka kwa daraja. Sidai kwamba Watwa wa Mfangano na wachoraji wa Asia walijuana. Nasema tu kwamba kitovu, ambacho ni kovu la mahali mtoto alipounganishwa na mama yake na pia ni katikati ya duara, kinaweza kubeba maelezo ya pande zote mbili bila kuazima lolote.

Rangi nazo tulikuwa na majina yake. Maseremala wa pwani walikuwa na ngeu, udongo mwekundu waliouweka kwenye uzi ili kupiga alama juu ya mbao. Wekundu wa namna hiyo hutokana na chuma kilichomo udongoni, na ndio wekundu wa kawaida wa michoro ya kale ya miambani duniani kote, nao upo Dunhuang pia. Tulikuwa na zinjifuri, wekundu mkali wa jiwe lenye zebaki, uliosafiri katika biashara ya Bahari ya Hindi. Leo mwalimu wa sanaa atasema "nyekundu" kwa zote mbili na kuongeza "iliyokolea" au "iliyofifia". Ngeu na zinjifuri zimelala katika kamusi. Tukiandika juu ya kuta za kale tunazihitaji, kwa sababu hatima za rangi nyekundu hazifanani. Ngeu haibadiliki kirahisi. Rangi nyekundu iliyotengenezwa kwa risasi, ambayo wachoraji wa Dunhuang waliitumia sana kwenye nyuso na mikono, imegeuka kahawia iliyoiva na hata nyeusi kadiri karne zilivyopita. Anayeingia katika baadhi ya mapango anawaona wahudumu wa Budha wenye ngozi nyeusi, na asipoambiwa atadhani ndivyo walivyokusudiwa.

Weusi wa makusudi uko kwetu, Migori. Kanisa la Legio Maria lilizaliwa katika eneo la Wajaluo mwanzoni mwa miaka ya 1960 likijitenga na Kanisa Katoliki, likabaki na mengi ya Kikatoliki, Kilatini, rozari, mavazi na picha. Waumini wake wanamkiri Simeo Ondeto kuwa Masihi aliyewajia Waafrika akiwa Mwafrika, na mama mmoja mzee aliyekuwa pamoja naye kuwa Bikira Maria. Ondeto alifariki mwaka 1991, na kaburi lake lipo Got Kwer, katika Kaunti ya Migori, ambako mahujaji hufika wakiwa wamevaa kanzu za rangi walizoagizwa. Got ni mlima. Kwer, kwa Kidholuo, ni mwiko, kile ambacho mtu hujizuia nacho kwa heshima. Kwa Kiswahili tunasema mahali patakatifu, jina linalosifu. Kidholuo kinasema mlima wa mwiko, jina linalouonya mguu kabla haujapanda. Nadhani Kidholuo kimesema zaidi.

Katika altare za Legio Maria utakuta picha za chapa za Moyo Mtakatifu na za Bikira, za aina ileile iliyoletwa na mapadri wa Mill Hill, zikiwa jirani na picha ya Ondeto. Wako wanaozidharau picha za chapa kwa kuwa zimetoka kiwandani kwa maelfu. Dharau hiyo haina msingi. Kitabu cha chapa cha zamani zaidi duniani chenye tarehe kamili ni Sutra ya Almasi ya mwaka 868, iliyofichwa kwa karne nyingi katika chumba cha maktaba cha Dunhuang mpaka mtawa Wang Yuanlu alipokigundua chumba hicho mwaka 1900, kisha mwanaakiolojia Aurel Stein akaichukua mwaka 1907 na kuipeleka London. Kitabu hicho kinafunguka kwa picha: Budha ameketi, anafundisha. Kurudia picha mara nyingi kulihesabiwa kuwa kuongeza thawabu. Wachoraji wa mapangoni nao walitoboa karatasi kwa sindano kufuata mistari ya mchoro, wakapiga unga juu yake ili alama zipenye ukutani, na kwa njia hiyo Budha mmoja akawa elfu. Wenyeji huliita eneo lile Mapango ya Mabudha Elfu.

Bikira na Asia wamewahi kukutana kwa kweli, si katika mlinganisho wangu. Ubudha una bodhisatva, yule aliyekaribia ukombozi wa mwisho akajizuia ili awasaidie wengine kwanza. Mashuhuri kuliko wote ni Avalokitesvara. Kwa Kichina alipata jina Guanyin, anayezitazama sauti za dunia, yaani vilio, na kadiri karne zilivyopita picha zake nchini China ziligeuka kutoka mwanamume hadi mwanamke mwenye huruma, wakati mwingine akiwa amepakata mtoto. Ukristo ulipopigwa marufuku Japani katika karne ya 17, Wakristo wa siri waliweka nyumbani vinyago vya kauri vya Guanyin, vingine vilivyotengenezwa China, na mbele yake walimwomba Maria. Askari aliyeingia aliona mungu wa Kibudha. Aliyepiga magoti alimwona Mama. Kitu kilekile, na taswira mbili. Kisa hiki kinaonyesha kwa nini istilahi lazima imtaje aliyepiga magoti na si udongo pekee. Mtu wa Got Kwer anayesema "Mama Maria" mbele ya picha anastahili kuelezwa kwa neno linaloanza na anachokiona yeye.

Kuna neno dogo la majini ambalo nalitetea kwa nguvu. Budha wa Kichina hukaa juu ya ua linaloota topeni na kutoka safi. Watafsiri wetu wameanza kuandika lotasi. Tunalo yungiyungi, na kwenye ghuba za Homa Bay zisizofunikwa na gugumaji mtoto anaweza kulichuma. Wataalamu wa mimea watasema kwa haki kwamba si mmea uleule: majani ya yungiyungi letu hulala juu ya maji, ya lile la Asia husimama juu yake. Basi tuseme yungiyungi la Asia. Tofauti ya majani inaelezeka kwa sentensi moja. Msomaji akipewa "lotasi" hana tope, hana maji, hana chochote cha kushika.

Nimeahidi kurudi kwa wasemaji wa Olusuba. Lugha hii iko hatarini. Vizazi vingi vya Abasuba vimehamia Kidholuo, na wanaoisema kama lugha ya kwanza wengi wao ni wazee wa Mfangano. Jumba la makumbusho ya amani la Abasuba lipo kisiwani, na miamba ya Mawanga na Kwitone imepigwa picha na kutangazwa. Rangi zimehifadhiwa kwa kamera. Maneno bado. Waliokuwa wakienda kuomba mvua walikuwa na kitenzi cha tendo lile. Walikuwa na jina la zile duara, jina la anayeongoza, jina la kinachopelekwa, na bila shaka jina la kosa la mtu anayefika bila kujitayarisha. Sisi tunaoandika kwa Kiswahili tunayafunika yote hayo kwa "matambiko", neno ambalo limechakaa mpaka linatumika kwa kila kitu kisicho cha kanisani wala msikitini. Kidholuo kina koth kwa mvua na jakoth kwa mtu wake, jina la heshima na la hofu. Kiswahili cha magazeti kinamwita "mganga wa mvua" na kumaliza.

Ombi langu kwa walimu wa Kiswahili wa Mbita, Sena na Suna ni hili. Wapeni wanafunzi kazi ya kuwauliza babu na bibi zao, kwa Olusuba na kwa Kidholuo, maneno ya mahali pa kuombea, ya rangi, ya kupaka, ya kuomba na ya kujizuia, na yaandikwe kama yalivyotamkwa kabla hayajatafsiriwa. Na kwa watunga kamusi: ingizeni taswira ya ibada kwa maana ya picha ambayo watu huiomba au huomba mbele yake, kipeni kitenzi kuzindua maana yake ya kale pamoja na ile ya gavana, iamsheni ngeu, na katika sanamu wekeni alama ya kuonya kwamba neno hili humhukumu anayetajwa. Wazee wanaojua kitenzi cha Kwitone bado wapo kisiwani, na kila mwaka wanapungua.